Uzi: Aki na samaki wa chumvi, mlo wa asubuhi wa Jamaika. Vipimo, hatua na pale panapoharibika

#1 Kifuu_cha_Nazi

Wakuu, salaam. Maswali ya mlo huu yametapakaa kwenye nyuzi tano tofauti, bora tuyakusanye hapa. Wakenya msicheke: hii aki siyo ile ya kuapia.

Aki ni tunda la mti uitwao Blighia sapida, ukoo mmoja na shokishoki na lichi. Asili yake ni Afrika Magharibi, Jamaika ilifika mwaka 1778. Likiiva, ganda lake jekundu hupasuka lenyewe pande tatu, na ndani unaona mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imekalia mnofu wa rangi ya malai. Kinacholiwa ni huo mnofu tu. Hauna utamu wa tunda; una mafuta, na ukipikwa unageuka manjano, laini, kama mayai ya kuvuruga. Peke yake umepooza. Ndiyo maana umeozeshwa samaki wa chumvi.

Vipimo vya watu 4: samaki wa chumvi asiye na mifupa robo kilo, aki ya kopo, kopo moja la gramu 540 (ukimwaga maji unabaki na kama gramu 280), kitunguu maji kikubwa kimoja, pilipili hoho nusu, nyanya moja ngumu, majani ya vitunguu miche miwili, saumu punje mbili, thaimu vijiti vitatu, au nusu kijiko cha chai ikiwa kavu, pilipili mbuzi moja, pilipili manga iliyosagwa nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula. Chumvi sijaisahau. Haiwekwi.

Samaki: mwoshe chumvi ya juu, mroweke kwenye maji baridi mengi usiku kucha, saa 12 hivi, ubadilishe maji mara mbili. Asubuhi mchemshe kwa maji mapya dakika 15 hadi 20, moto wa wastani. Mwaga maji, onja. Anatakiwa awe na chumvi inayosikika lakini isiyokukunja uso, kwa sababu ndiye chumvi ya sufuria nzima. Akishapoa kidogo mchambue kwa vidole, toa ngozi na miiba. Usimkatekate kwa kisu, utapata chembechembe badala ya vipande.

Aki: fungua kopo, mwaga kwenye chujio, acha ijichuje dakika tano au zaidi. Usiikamue.

Kikaangoni: mafuta moto wa kati, kitunguu, hoho na saumu dakika tatu mpaka vilegee bila kuungua. Tia thaimu, majani ya vitunguu na pilipili mbuzi nzima na kikonyo chake. Tia samaki, geuza dakika tano ili anywe viungo. Kisha nyanya, dakika moja. Mwisho aki: isambaze juu, nyunyiza pilipili manga, punguza moto, na badala ya kukoroga inua kutoka chini kwa mwiko bapa mara tatu au nne tu. Dakika tatu, nne, inatosha. Ile aki imeshaiva kiwandani, wewe unaipasha. Toa pilipili na vijiti, pakua.

Karibuni kwa maswali, ila hatua ya kwanza isomeni mara mbili.

#2 Mtaa_wa_Pili

Asante mkuu. Huyo samaki wa chumvi ni samaki gani hasa? Kamusi inasema "chewa".

#3 Ngalawa_Mbili

Kamusi itakupoteza. Chewa wa Bahari ya Hindi, yule wa madoa wa kwenye miamba, ni samaki mwingine kabisa. Anayetumika Jamaika ni samaki wa bahari yenye baridi, Atlantiki ya Kaskazini, ambaye Waingereza humwita cod na Wareno bacalhau (tukimwita "kodi" watu watakimbilia TRA). Enzi za utumwa meli zilimtoa Newfoundland na Nova Scotia akiwa amekaushwa kwa chumvi, chakula rahisi cha kulisha watumwa kwenye mashamba ya miwa, na shehena za kurudi zikawa sukari, molasi na ramu. Hivyo ndivyo samaki wa Kanada alivyokutana na tunda la Afrika Magharibi kwenye kisiwa ambacho wote wawili ni wageni.

Siku hizi pakiti nyingi zilizoandikwa saltfish ni pollock, jamaa yake wa bei nafuu. Anafaa, ila nyama yake ni laini zaidi, kwa hiyo mchemshe dakika 10 uonje, usimwache 20 akavurugika.

Ukikosa wote wawili, kwetu nguru wa chumvi ndiye anayekaribia zaidi, kwa kuwa anachambuka vipande vikubwa. Papa mkavu ana harufu kali inayoifunika aki kabisa. Ng'onda ladha yake nzuri, lakini miiba ya samaki wadogo ndani ya kitu laini kama aki ni ugomvi mezani.

#4 Matrah_Kusini

Kwa walioko Muscat: malihi msimtumie. Yule amelazwa kwenye chumvi mbichimbichi na ladha yake imeshachachuka; ukimchemsha anakuwa uji. Tafuteni cod mkavu kwenye maduka yanayouza vyakula vya Kireno au vya Karibi. Kipande kinene cha mgongoni kinaroweshwa saa 24, cha mkiani saa 10 zinatosha. Vikiwa chomboni pamoja, toa vyembamba mapema, la sivyo nusu ya samaki itakuwa chumvi tupu na nusu pamba.

#5 Bi_Kidawa_wa_Jiko

Naona watu wanarukia kopo. Wapo walio London, Toronto na Florida ambao siku nyingine hukutana na aki mbichi, na hapo ndipo pa kuogopa. Niiseme bila kupamba: aki isiyoiva inaua.

Sumu yake inaitwa hipoglisini A. Ikiingia mwilini inazuia mwili usichome mafuta kupata nguvu, na ini lisitengeneze sukari mpya. Sukari ya damu inaporomoka. Mtu anatapika sana, analegea, anasinzia, anaweza kupata degedege na kuzimia asiamke, na watoto ndio wanaoathirika haraka. Jamaika ugonjwa huo una jina lake kabisa, ugonjwa wa kutapika wa Jamaika. Mtu akitapika baada ya kula aki, ni hospitali hapohapo, na daktari aambiwe neno "aki" mlangoni, ili sukari ipimwe kabla ya mengine yote.

Kanuni:

Aki haifunguliwi, inajifungua. Tunda lipasuke lenyewe likiwa mtini. Lililofungwa usilipasue kwa kisu, na usilichume ukaliweka dirishani kungoja lipasuke. Lililoanguka chini likiwa limefungwa ni la kutupa.

Mbegu haziliwi kamwe, hata tunda likiwa limeiva namna gani.

Kwenye mfereji wa kila mnofu kuna utando mwekundu au wa waridi. Banua mnofu kwa vidole, uchomoe wote kwa ncha ya kisu.

Baada ya kuosha, chemsha kwenye maji mengi yenye chumvi kidogo dakika 15 hadi 20, mpaka mnofu ubonyee kwa uma lakini usimomonyoke. Maji hayo yamwagwe. Siyo supu, siyo ya kupikia wali.

Na kupika hakugeuzi bichi kuwa salama. Moto hauivunji sumu hiyo; sehemu yake tu ndiyo inayohamia kwenye maji. Usalama unaanzia mtini.

Kwa robo kilo ya samaki utahitaji matunda 20 hadi 24 hivi, maana ganda na mbegu ndiyo mzigo mkubwa.

#6 Kijungu_Jiko

Ndiyo huyo nahodha Bligh wa ile meli ya maasi aliyeipeleka aki Jamaika, siyo?

#7 Ngalawa_Mbili

Watu wengi huchanganya hapo. Aki ilikuwa Jamaika tangu 1778. Bligh alipita mwaka 1793 na meli ya Providence, akashusha miche ya shelisheli kutoka Tahiti (safari yake ya kwanza, ile ya Bounty, ndiyo iliyoishia kwenye maasi ya 1789), na alipoondoka alibeba aki kwenda bustani ya Kew, Uingereza. Wataalamu wa mimea wakauita mti kwa jina lake. Yaani tunda alilolikuta ndilo lililopewa jina lake, na alilolileta mwenyewe halikupewa.

#8 Mahamri_Mawili

Bi Kidawa, nimeona mapishi ya Wajamaika wanachemsha aki mbichi na samaki kwenye sufuria moja. Wamekosea?

#9 Bi_Kidawa_wa_Jiko

Hawajakosea. Ni njia ya zamani: samaki aliyekwisha rowekwa anatangulia dakika 10, aki inafuata, chumvi inayomtoka samaki inaingia kwenye aki. Sharti ni lilelile, maji yote yanamwagwa. Siipendi kwa sababu moja tu: kila kimoja kina wakati wake. Ukingoja samaki alainike, aki imeshapasuka. Ukiiwahi aki, samaki bado mgumu na chumvi imemjaa. Sufuria mbili si gharama.

#10 Mtaa_wa_Pili

Na ya kopo inaaminika? Unajuaje kiwandani hawakutia mabichi?

#11 Kifuu_cha_Nazi

Marekani ilizuia aki isiingie tangu 1973 kwa hofu hiyohiyo. Mwaka 2000 ikaruhusu, lakini kutoka viwanda vilivyokaguliwa tu, na kiwango cha hipoglisini A ndani ya kopo kisizidi sehemu 100 kwa milioni. Kwa hiyo nunua kopo lenye jina la kiwanda na nchi, lililoingia nchini kwa njia ya halali. Lililovimba au kubonyea penye mshono, acha dukani. Maji ya kopo yamwagwe yote.

Nyongeza kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki: misitu yetu ina ndugu ya mti huu, Blighia unijugata, wenye vijitunda vyekundu vya pembe tatu. Siyo aki. Asije mtu akavichuma kwa kuwa jina la kwanza linafanana.

#12 Mahamri_Mawili

Ya kwangu imetoka rojo ya manjano, samaki anaogelea ndani. Nilifuata hatua zote.

#13 Bi_Kidawa_wa_Jiko

Umefuata zote ila mojawapo ya hizi, mwenzangu.

Nyanya. Ukiitia mapema au ikiwa imeiva sana, inatoa maji na aki inayanywa. Iwe ngumu, uitoe mbegu, iingie dakika moja kabla ya aki. Wapo wasioiweka kabisa, na sahani yao haipungukiwi kitu.

Kuchuja. Kopo limemwagwa juu juu, maji yamebaki kwenye mikunjo ya mnofu.

Kikaango kidogo. Aki ikirundikana, ya chini inapondwa na ya juu huku ukigeuza ili ipate moto. Tumia kipana, sentimita 28 hivi, isambae safu moja.

Kufunika. Mvuke unarudi chini kama mvua. Acha wazi.

Na mkono! Aki imejaa mafuta na haina nyuzi za kuishikilia, kila ukikoroga unaiponda. Ukiona hujiamini, shika mpini utikise kikaango badala ya kutumia mwiko.

Rojo ikishatokea haitengenezeki, lakini haitupwi: ipake ndani ya mkate uliochomwa.

#14 Kijungu_Jiko

Samaki wangu chumvi imezidi na sikuroweka usiku. Kuna njia ya haraka?

#15 Ngalawa_Mbili

Ipo. Mkate vipande vya upana wa vidole vitatu, mtie maji baridi, yakichemka dakika 10 mwaga yote. Maji mapya baridi, tena dakika 10, mwaga. Onja, mara nyingi ya tatu haihitajiki. Kosa la wengi ni kuongeza muda kwenye maji yaleyale: maji yakishajaa chumvi hayapokei nyingine, na samaki anazidi kukauka nyuzi. Ni kubadilisha maji ndiko kunakotoa chumvi.

Ukivuka upande wa pili akawa hana ladha, hapo chumvi kidogo ya mezani inaruhusiwa. Lakini hatarudi kuwa yule wa mwanzo.

#16 Dona_na_Dagaa

Inaliwa na nini? Chapati?

#17 Mahamri_Mawili

Chapati haitakukataa, lakini wenyewe wana vyao: andazi la kukaanga wanaloliita johnny cake, ndizi mbichi za kuchemsha, ndizi mbivu za kukaanga, muhogo, na shelisheli la kuchoma.

Johnny cake, vipande 8: unga wa ngano vikombe 2, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi baridi vijiko 2 vya chakula, maji baridi robo tatu ya kikombe. Sugua siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka uwe kama chenga za mkate. Tia maji kidogo kidogo, huenda yasiishe yote. Kanda dakika mbili tu, funika, lipumzike nusu saa. Gawa, viringa, bonyeza kidogo katikati. Mafuta kina cha vidole viwili, moto wa kati, dakika nne hadi tano kila upande.

Msifanye kama mahamri: hakuna hamira, hakuna iliki, hakuna tui, na hayatakiwi kuwa na uwazi ndani. Yanatakiwa ganda kavu na ndani mnene, mweupe. Yakiwa magumu kama jiwe umekanda mno. Yakiiva nje na ndani donge bichi, mafuta yalikuwa ya moto sana. Jaribu kwa kijipande cha donge: kizame kwanza, kisha kipande juu taratibu na vipovu vidogo. Kikiruka juu papo hapo, punguza moto.

#18 Shelisheli_Halisi

Ndizi za Jamaika ni zile za kuliwa mbivu, zinapikwa zikiwa kijani kibichi. Kwetu mtwike mbichi ndiyo sawa yake. Ndizi za Bukoba zinafaa ila zinalainika zaidi. Usimenye kwanza. Kata ncha mbili, chana ganda mstari mmoja kwa urefu, chemsha na ganda lake kwenye maji yenye chumvi na kijiko cha mafuta, dakika 15 hadi 20. Ganda likigeuka hudhurungi na kufunguka kwenye mchano, zimeiva. Faida: utomvu haukupaki mikono wala kisu, na ndizi haisawijiki.

Ya kukaanga ni mzuzu au mkono wa tembo ulioiva mpaka ganda lina madoa meusi. Katia mshazari, unene wa kidole, mafuta kidogo, dakika mbili kila upande.

Shelisheli sasa, ambalo watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa. Chagua lililokomaa bila kulainika, ganda limeacha ncha zake, lina michirizi ya utomvu uliokauka. Liweke zima juu ya mkaa, geuza kila upande mpaka liwe jeusi lote, dakika 45 hadi saa nzima. Mvuke ukianza kutoka kwenye kikonyo, limeiva. Menya ganda lililoungua, toa moyo, kata vipande. Kwenye oveni, chana msalaba kitakoni kwanza ili lisipasuke, nyuzi 200, saa moja na robo. Lililobaki lifanye vipande likaangwe kesho yake. Wapo wanaosema hapo ndipo linapofikia utamu wake, na mimi nimo.

#19 Dona_na_Dagaa

Vitu vyote hivyo asubuhi moja? Mtu anaamka saa ngapi?

#20 Kifuu_cha_Nazi

Siyo vyote, chagua viwili. Mpangilio wa muda wa saa moja na nusu, samaki akiwa amelala majini: kanda donge kwanza, lipumzike. Bandika samaki jiko moja na ndizi jiko la pili. Wakati vinachemka, katakata viungo na uweke aki kwenye chujio. Chambua samaki. Kaanga johnny cake. Aki iingie jikoni mwisho kabisa, watu wakiwa wameshakaa, kwa sababu ikisubiri inanywea na kutoa mafuta pembeni.

Na pilipili mbuzi, kwa walioniuliza pembeni: ukali umekaa kwenye nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu. Ikiwa nzima unapata harufu yake bila moto. Ukitaka moto, itoe hiyo nyama nyeupe yote, katakata robo ya ganda tu, uone kwanza.

#21 Mtaa_wa_Pili

Dar nimezunguka, aki hakuna. Tufanyeje sisi?

#22 Shelisheli_Halisi

Usibadilishe aki na mayai ukaita jina lilelile. Pika mlo mwingine wa asubuhi wa kisiwa hichohicho unaoingia jikoni kwetu bila visa: rundown. Tui zito la nazi mbili, kama mililita 800, libandike wazi na saumu, thaimu na pilipili mbuzi nzima. Lichemke moto wa kati dakika 20 hadi 25 ukilikoroga, mpaka likatike, mafuta yaelee na masimbi yake yaanze kushika chini. Kwetu tui likikatika mpishi anasikitika. Hapa ndilo lengo lenyewe. Tia kitunguu na nyanya, kisha vibua wa chumvi nusu kilo, waliochemshwa na kuchambuliwa, dakika 10. Kula na ndizi za kuchemsha.

Tui jepesi halifai, litachemka mpaka jioni.

#23 Mahamri_Mawili

Swali la mwisho, aki iliyobaki inakaa siku ngapi?

#24 Bi_Kidawa_wa_Jiko

Kwenye friji, chombo kimefunikwa, siku mbili. Ipashe kwenye kikaango kikavu moto mdogo, bila kugeuza, mafuta yake yenyewe yanatosha. Kuigandisha haifai baada ya kupikwa, ikiyeyuka inakuwa ile rojo yako ya jana. Ukifungua kopo ukatumia nusu, nusu nyingine ihamishie kwenye bakuli la kioo au plastiki yenye kifuniko, usiiache ndani ya bati.